William Sutherland, mwandishi wa gazeti aliyeamini kwamba fuvu la kichwa linapumua

Katika vijiji vya Ntoto, kati ya Masisi na Walikale, mtu akiteguka mguu au akianguka na kuumia bega, mara nyingi anayeitwa kwanza si munganga wa hospitali. Anaitwa mzee au mama anayejua kuunga mifupa. Mtoto mchanga anayelia usiku kucha hupewa bibi amkande taratibu kwa mafuta. Barabara ni mbaya, hospitali iko mbali, na mikono iko karibu.

Hata katika nchi tajiri wako watu waliotegemea mikono namna hiyo. Nchini Marekani, mtu mmoja aliyeanza maisha kama mfanyakazi wa gazeti alitumia zaidi ya miaka 50 akijiuliza vidole vya binadamu vinaweza kusikia nini ndani ya kichwa cha mwenzake. Jina lake ni William Garner Sutherland. Kutoka kwake ilizaliwa tiba inayoitwa leo kraniosakrali, yaani tiba ya fuvu la kichwa na mfupa ulio karibu na mwisho wa uti wa mgongo. Mgonjwa hulala chali akiwa amevaa nguo zake, na mtaalamu humgusa kwa wepesi sana, bila kuvuta, bila kusukuma, bila dawa.

Tiba hii inalipiwa pesa nyingi katika miji ya Ulaya na Amerika, na video zake zinapatikana kwa yeyote mwenye intaneti kwenye simu. Wanaoitangaza wanasema inaondoa maumivu ya kichwa, ukosefu wa usingizi, kilio cha watoto na hata woga unaobaki mwilini baada ya vita. Kwa watu wa Kivu hizo si shida ndogo. Ndiyo maana inafaa kumjua mtu aliyeianzisha, alichokiona, na kile ambacho hakikuthibitishwa hadi leo.

Kijana wa kiwanda cha uchapaji

Sutherland alizaliwa tarehe 27 Machi 1873 katika jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani. Angali kijana mdogo aliingia kazini katika kiwanda cha kuchapa gazeti, katika mji mdogo wa Blunt, Dakota ya Kusini. Wakati ule gazeti lilipangwa herufi moja moja kwa vipande vya risasi. Kijana wa kiwandani alifagia, alisafisha wino, alibeba karatasi na alipanga herufi. Ilikuwa kazi ya macho makali na vidole vyepesi, kwa sababu herufi moja ikikaa vibaya, ukurasa mzima unaharibika.

Alipanda ngazi polepole. Alifika kuwa mhariri wa gazeti la kila siku katika mji wa Austin, jimbo la Minnesota. Angeweza kubaki hapo hadi uzee wake. Lakini katika miaka hiyo habari moja ilikuwa ikizunguka miji ya sehemu hiyo ya Marekani: katika mji wa Kirksville, jimbo la Missouri, kulikuwa na mzee anayeponya watu kwa mikono. Wagonjwa walipanda treni kutoka mbali kwenda kumwona, na alikuwa amefungua shule ya kufundisha kazi yake.

Mwaka 1898 Sutherland aliacha kalamu, akaenda Kirksville kuwa mwanafunzi. Alikuwa na umri wa miaka 25.

Mzee aliyepoteza watoto wake

Huwezi kumwelewa Sutherland bila kumjua mwalimu wake. Andrew Taylor Still alizaliwa mwaka 1828 katika jimbo la Virginia. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kimetodisti na munganga kwa wakati mmoja, na kijana alijifunza uganga kwa kumfuata baba yake kwa wagonjwa. Familia ilipinga utumwa, na wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani Still alihudumu upande wa serikali iliyopigana na majimbo ya watumwa.

Mwaka 1864 homa ya uti wa mgongo, ile ambayo kwetu wengi wanaiita menenjite, iliingia nyumbani kwake. Watoto watatu walikufa. Waganga wenzake walikuja na dawa walizokuwa nazo, na hakuna hata moja iliyosaidia. Yeye mwenyewe alikuwa munganga, na hakuweza kuwaokoa watoto wa nyumba yake.

Inafaa kukumbuka dawa za wakati ule zilikuwa za namna gani. Mgonjwa alipewa unga wenye zebaki hadi meno yakalegea na mate yakamwagika. Alitolewa damu akiwa tayari amedhoofika. Alipewa afyuni na pombe kali. Antibiotiki hazikuwepo. Still alifikia uamuzi kwamba dawa hizo zinaua zaidi ya zinavyoponya, na kwamba mwili wenyewe una uwezo wa kujitibu ikiwa mifupa, mishipa na misuli vimekaa mahali pake. Aliiita njia yake osteopati, jina lililotokana na neno la Kigiriki la mfupa, na alihesabu kwamba ilizaliwa mwezi Juni 1874.

Kwa miaka mingi alidharauliwa. Alizunguka mji hadi mji akiunga mifupa, na watu walimtazama kama mganga wa njiani. Mwaka 1892 alifungua shule yake Kirksville, na tangu darasa la kwanza alipokea wanawake pamoja na wanaume, jambo ambalo shule nyingi za udaktari za wakati huo zilikataa. Alisisitiza somo moja kuliko yote, yaani kuujua mwili wa binadamu mfupa kwa mfupa, kama fundi anavyokijua chombo alichokitengeneza.

Sutherland alipofika, mzee alikuwa na miaka karibu 70. Kijana alichukua kutoka kwake mambo mawili: heshima kwa mifupa, na tabia ya kutokubali jambo kwa sababu tu limeandikwa kitabuni.

Fuvu lililotenganishwa

Shuleni kulikuwa na fuvu la kichwa lililotenganishwa vipande vyote na kuwekwa ili wanafunzi waone jinsi kila mfupa ulivyo. Fuvu la binadamu lina mifupa 22, na 8 kati ya hiyo ndiyo inayozunguka ubongo. Kwa mtu mzima mifupa hiyo imeshikana kwa mistari yenye meno madogo, kama mbao mbili zilizoungwa na seremala hodari. Vitabu vya Kiingereza alivyosoma Sutherland vilifundisha kwamba kwa mtu mzima mifupa hiyo imefungana na haisogei.

Siku moja, karibu na mwaka 1899, alisimama mbele ya fuvu hilo akitazama mfupa wa upande wa kichwa, ule ulio juu ya sikio. Aliona kwamba ukingo wake umekatwa kwa mshazari, umepunguzwa unene kwa namna ya pekee. Akilini mwake likaja wazo la mashavu ya samaki, yale yanayofunguka na kufunga samaki anapopumua majini. Alijiuliza: ikiwa mfupa umeundwa hivyo, je, haukuundwa kwa ajili ya kusogea? Na kama unasogea, je, kichwa hakina kupumua kwake?

Wazo hilo lilimsumbua. Alihitimu mwaka 1900, akarudi Minnesota, akafungua chumba cha matibabu na kuishi kwa miaka mingi katika mji wa Mankato. Aliwatibu watu kwa njia ya kawaida aliyofundishwa, akiukanda mgongo na kurudisha viungo. Lakini fuvu halikumtoka kichwani. Mwanzoni hakutafuta kuthibitisha wazo lake. Alitaka kuonyesha kwamba haliwezekani, ili alitupe na kuendelea na kazi. Alipata fuvu la kujifunzia, akalitenganisha kwa kisu kidogo cha mfukoni, mfupa baada ya mfupa, akichunguza kila ukingo.

Majaribio juu ya kichwa chake mwenyewe

Alipoona mifupa ya wafu haimpi jibu, aligeukia mtu aliye hai. Mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe. Hakutaka kuhatarisha kichwa cha mgonjwa.

Alitengeneza vifaa vyake nyumbani. Alitumia kofia ya ngozi ya wachezaji wa mpira wa Kimarekani, mikanda, bandeji na bakuli za mbao za jikoni. Alivifunga kichwani na kuvikaza kidogo kidogo, sehemu moja kwa wakati, ili kuona kitatokea nini mfupa fulani ukizuiwa usisogee. Aliandika alichokisikia: maumivu ya kichwa, kizunguzungu, tumbo kuharibika. Mkewe, Adah, hakujua kila mara ni jaribio gani linaendelea, lakini aliona mabadiliko. Siku nyingine mumewe alikuwa mkali, siku nyingine alichanganyikiwa. Miaka baadaye Adah aliandika maisha ya mume wake katika kitabu kilichotoka mwaka 1962, na mengi tunayojua kuhusu majaribio hayo yametoka kwake.

Hapa msomaji anapaswa kuona nguvu na udhaifu wa mtu huyu kwa pamoja. Nguvu yake ni ujasiri na uaminifu: alijijaribu mwenyewe kabla ya kumgusa mwingine. Udhaifu ni kwamba mtu mmoja anayejijaribu, akiwa tayari anajua anachokitafuta, anaweza kusikia kile anachokitarajia. Kichwa kilichokazwa kwa mkanda kitauma, iwe mifupa inasogea au haisogei. Katika elimu ya sayansi jambo hupimwa na watu wengi, na wanaopima hawapaswi kujua jibu mapema. Sutherland hakuwa na nafasi hiyo.

Kupumua kwa ndani

Kutokana na miaka hiyo alijenga fundisho lake. Ubongo na uti wa mgongo vimezungukwa na majimaji safi. Hilo ni kweli na hakuna anayelipinga. Mtu mzima ana karibu mililita 150 za majimaji hayo, na mwili hutengeneza karibu nusu lita kila siku, yale ya zamani yakirudi kwenye damu. Yanaulinda ubongo usigongane na mfupa na yanasaidia kuusafisha.

Sutherland aliongeza juu ya hapo. Alisema majimaji hayo yanapanda na kushuka kwa mwendo wa polepole, mara chache kwa dakika, tofauti na mapigo ya moyo na tofauti na pumzi ya mapafu. Alifundisha kwamba utando unaofunika ubongo unavutwa na mwendo huo, kwamba mifupa ya fuvu inafunguka na kufunga kidogo sana, na kwamba mfupa ulio kati ya nyonga mbili, sehemu ya chini ya uti wa mgongo, unaitikia pamoja nayo. Aliuita mwendo huo kupumua kwa kwanza, kwa imani kwamba unatangulia kupumua kwa mapafu. Mfupa mmoja ukikwama, kwa mfano wakati wa kuzaliwa au baada ya kuanguka, alisema mtu ataugua, na mikono iliyofunzwa inaweza kuusaidia ujifungue wenyewe.

Kadiri miaka ilivyopita, mkono wake ulizidi kuwa mwepesi. Alianza na vifaa vya kukaza, akamaliza na vidole vinavyogusa kama mtu anayeshika yai la ndege. Alifundisha wanafunzi wake kungoja na kusikiliza, wasilazimishe.

Miaka ya kupuuzwa

Mwishoni mwa miaka ya 1920 alianza kuwaeleza wenzake wa Minnesota wazo lake. Wengi hawakuvutiwa. Waganga wa osteopati walikuwa bado wanapigania kukubalika mbele ya madaktari wengine, na hawakutaka mwenzao awaletee habari ya fuvu linalopumua. Sutherland alirudi kwenye silaha ya ujana wake, kalamu, akaandika makala fupi katika majarida ya kazi yao. Mwaka 1939 alichapisha kitabu kidogo, The Cranial Bowl, jina linalolinganisha fuvu na bakuli. Hakikununuliwa sana.

Hali ilibadilika katika miaka ya 1940. Vijana wachache walimfuata, wakaomba mafunzo, na kozi zikaanza kutolewa katika chuo cha osteopati cha Des Moines, jimbo la Iowa. Mwaka 1953 wanafunzi wake walianzisha taasisi yenye jina lake ili mafundisho yasipotee. Alikufa tarehe 23 Septemba 1954 huko California, akiwa na miaka 81. Nje ya kundi dogo la wafuasi, watu wachache walimjua.

Jinsi tiba ilivyobadilika jina

Aliyeitoa tiba hiyo kwenye kundi dogo ni John Upledger, munganga mwingine wa osteopati, aliyezaliwa mwaka 1932. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alisaidia katika upasuaji wa shingo, kazi yake ikiwa kushikilia utando unaofunika uti wa mgongo usitikisike. Alisema kwamba utando ulisogea kwa mwendo wa polepole ambao hakuweza kuuzuia. Alipotafuta maelezo alikuta mafundisho ya Sutherland.

Kuanzia mwaka 1975 Upledger alifanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, na mwaka 1985 alifungua taasisi yake huko Florida. Yeye ndiye aliyeipa tiba jina la kraniosakrali. Alifanya pia jambo ambalo wafuasi wengi wa Sutherland walilipinga: alifundisha watu ambao si waganga, wakiwemo wakandaji na wauguzi. Alisema mguso haupaswi kuzidi gramu 5, karibu uzito wa kijiko kidogo cha chumvi. Alifundisha pia kwamba mwili unahifadhi majeraha ya moyo, na alifanya kazi na wanajeshi wa zamani wa vita vya Vietnam. Alikufa mwaka 2012.

Je, ni kweli?

Swali hili limechunguzwa, na jibu haliwafurahishi wafuasi. Watafiti waliwapa wataalamu wawili mgonjwa mmoja, kila mmoja ahesabu mwendo anaousikia kichwani mwake. Kama mwendo upo na vidole vinausikia, hesabu zao zinapaswa kulingana, kama wauguzi wawili wanavyopata hesabu moja ya mapigo ya moyo. Hazikulingana. Majaribio kadhaa ya namna hiyo yalifanyika katika miaka ya 1990 na baadaye, na matokeo yalikuwa yale yale. Kila mtaalamu alikuwa na uhakika, lakini kila mmoja alisikia kitu chake.

Mifupa ya fuvu la mtoto mchanga kweli haijashikana, ili kichwa kipite wakati wa kuzaliwa na ubongo upate nafasi ya kukua. Lakini kwa mtu mzima hakuna kipimo kilichoonyesha kwamba mguso wa gramu 5 unasogeza mfupa wa fuvu. Na magonjwa ambayo tiba hii inadai kuyaponya hayajathibitishwa kuponywa nayo kuliko mapumziko na mguso wa kawaida.

Hata hivyo wagonjwa wengi huinuka kitandani wakisema wamepata nafuu, na si lazima wawe wanadanganya. Mtu aliyelala chali mahali patulivu kwa saa nzima, akiguswa kwa upole na mtu anayemsikiliza, misuli yake hulegea, pumzi yake hutulia, maumivu yake hupungua kwa muda. Faida hiyo ni ya kweli. Haihitaji fuvu linalopumua ili ielezeke.

Kinachowahusu watu wa Ntoto

Jina la Ntoto lilijulikana mbali kwa sababu ya uchungu. Mwezi Machi 1993, mauaji yaliyofanyika sokoni hapo yaliwasha vita vya Masisi. Tangu hapo vizazi viwili vimezoea kukimbia na kurudi. Watu wenye mgongo uliochoka kwa mizigo na usingizi uliokatwa na milio ya risasi wanastahili mikono ya upole, na hakuna sababu ya kumcheka bibi anayemkanda mjukuu wake.

Upo pia mguso wa upole uliothibitishwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970, hospitali moja ya Bogotá, nchini Colombia, ilikosa mashine za kutosha za kuwapasha joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Madaktari waliwaambia akina mama wawabebe watoto kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, na kuwanyonyesha. Njia hiyo inaitwa kanguru. Tafiti zimeonyesha kwamba inapunguza vifo vya watoto wenye uzito mdogo, na Shirika la Afya Duniani linaipendekeza. Haihitaji umeme wala dola. Inahitaji kifua cha mama, au cha baba, na kitenge cha kufungia.

Lakini mkono una mpaka wake, na kichwani mpaka huo ni wa uhai na kifo. Utosi wa mtoto, ile sehemu laini ya mbele ya kichwa, kwa kawaida hufunga kati ya miezi 12 na 18. Ukiingia ndani wakati mtoto anaharisha au anatapika, maana yake amepoteza maji. Hakuna kukanda kutakakouinua. Anahitaji kunyonya zaidi na kunywa maji ya SRO. Yakikosekana, lita 1 ya maji safi hutiwa vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha, na mtoto anywe kidogo kidogo akiwa njiani kupelekwa kituo cha afya. Utosi ukivimba na mtoto ana homa, analia kwa sauti kali, amekataa kunyonya au shingo imekakamaa, inaweza kuwa menenjite. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo, kwa pikipiki au kwa kipoyi. Vivyo hivyo aliyepigwa au kuanguka kwa kichwa, kisha akatapika, akasinzia au akapoteza fahamu. Hata walimu wa kraniosakrali wenyewe hukataza kumgusa mtu anayeweza kuwa anavuja damu ndani ya kichwa.

Menenjite ndiyo iliyowachukua watoto wa mzee Still mwaka 1864. Kifo hicho ndicho kilichomfanya aachane na dawa, na bila hasira yake shule ya Kirksville isingekuwepo na Sutherland asingesimama mbele ya lile fuvu. Leo menenjite inayoletwa na bakteria inatibiwa kwa antibiotiki ikiwahiwa, na zipo chanjo dhidi ya aina zake kadhaa. Shule za osteopati za Marekani zilielewa hilo. Zilirudisha masomo ya dawa, na wahitimu wake leo ni madaktari kamili wanaoandika dawa, wanaopasua na kuchanja. Shule aliyoianzisha Still bado ipo Kirksville, ikiwa na jina lake, nayo inafanya hivyo.

Still aliacha dawa kwa sababu zile za wakati wake hazikufaa. Mzazi wa Ntoto anazikosa dawa zinazofaa kwa sababu daraja limekatika, njia imefungwa na wenye silaha, au rafu za kituo cha afya ni tupu. Hizo ni shida mbili tofauti. Ya kwanza ilimalizwa na utafiti. Ya pili inasubiri barabara, usalama na bajeti, na haitamalizwa na vidole, hata vikiwa vyepesi kama vya Sutherland.